Dirisha la Vitufe Viwili

Kazini kwa Mama kulikuwa na madirisha manne. Waliyaita madirisha, ingawa yalikuwa matundu tu yaliyokatwa kwenye ukuta wa kioo, kila tundu na karani wake nyuma. Mama alikaa dirisha la mwisho, lile la karibu na mlango wa choo, na bado foleni yake ndiyo ilikuwa ndefu kuliko zote. Wazee walimpenda. Wengine wakiitwa dirisha la kwanza walijifanya hawajasikia.

Ilikuwa ofisi ya mafao ya uzeeni. Kila baada ya muda wastaafu wote hutakiwa wafike waonekane, ili ofisi ijue nani bado yupo wa kulipwa. Kwenye karatasi kazi hiyo inaitwa uhakiki. Mama aliiita kuonyesha pumzi. Mzee anasukuma kadi yake tunduni, Mama anaipitisha kwenye kimashine, kimashine kinalia ti, wanaulizana mawili matatu ya mgongo na magoti, kisha anayefuata.

Sehemu hiyo aliiweza hata kwa kufumba macho, na kusema kweli ndivyo alivyokuwa akiifanya. Presha ya macho ilianza kumla pembeni, ikaja katikati, ikamwachia ukungu wa rangi ya chai. Nyumbani tulijua mimi na yeye. Kazini hakuna aliyejua. Zilikuwa zimebaki siku chache tu, si nyingi hata kidogo, naye astaafu, apate kadi yake kama wale wazee wake. Lakini akigundulika kabla ya hapo kwamba haoni, angeondolewa kwa kutoiweza kazi, na anayeondolewa hivyo hapewi kadi. Sheria hiyo Mama aliijua kwa moyo. Miaka yote yeye ndiye aliyewaeleza wengine.

Kilichokuwa kinammaliza ni kazi ya mchana. Foleni ikiisha, zile namba zilizosomwa na kimashine zilitakiwa ziingizwe kwenye mfumo, moja moja. Fungua ukurasa, andika namba, jina likitokea chagua neno moja kati ya matatu, hifadhi, rudi mwanzo. Maneno matatu yenyewe yalipangwa kwa herufi, kama majina ya wanafunzi darasani: Amefariki, Hajafika, Yu hai. Mimi nilipoyaona mara ya kwanza nilicheka. Nikamwambia Mama, "Hawa watu wametanguliza kifo."

"Alfabeti hiyo, mwanangu, haina adabu," akasema.

Alikuwa akiweka pua kwenye skrini hadi inaacha alama ya mafuta. Waya, kijana fundi wa kompyuta za pale, aliyepewa jina hilo kwa wembamba wake na kwa kazi yake, alikuwa akipita na kitambaa kuifuta bila kuuliza kitu.

Mimi wakati huo nilikuwa nasoma kompyuta darasa la jioni, kwenye chumba cha juu ya duka la vipuri. Mwanangu nilikuwa naenda naye mgongoni. Nyumbani tulimwita Mheshimiwa, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kulala kabla yake. Mwalimu alikuwa ametufundisha kuandika maagizo ya kuifanya kompyuta ishike mausi na kibodi yenyewe, kana kwamba kuna mtu asiyeonekana amekaa kitini. Wenzangu walichezea kufungua miziki. Mimi nilikuwa namfikiria mtu mmoja tu mwenye pua ya mafuta.

Nikaandika. Mistari michache. Programu inachukua namba ya kwanza, inaiandika, inangoja jina litokee, inapeleka mausi mahali palipo na Yu hai, inabofya, inahifadhi kwa kibodi, inarudi kwa namba ya pili. Waya aliiona, akatikisa kichwa, akasema, "Mimi sijaona kitu," huku akiiweka kwenye kompyuta ya Mama kwa mikono yake mwenyewe.

Lakini ili iendeshwe ilibidi ufungue lile dirisha jeusi lenye herufi nyeupe ndogo kama mchwa, uandike jina la programu bila kukosea hata nukta. Mama alikosea. Alikosea tena. Siku ya tatu alinipigia simu kutoka chooni, ananong'ona.

"Limeniandikia kitu kirefu chekundu."

"Nisomee."

"We mtoto, ningekuwa naweza kukusomea ningekupigia simu?"

Ndipo nikaamua kumtengenezea dirisha lake. Dirisha la kweli la kompyuta, lenye vitufe vya kubofya, asiandike chochote. Nililitengeneza Jumamosi na Jumapili, Mheshimiwa akiwa amelala mapajani na mkono wangu mmoja ukimpigapiga. Nikaweka vitufe viwili tu, vikubwa kama sahani, njano juu ya nyeusi: ANZA na SIMAMA. Nikaongeza mlio, ti, kila mtu mmoja anapokamilika, ili Mama afuate kazi kwa masikio.

Tulilijaribu kwenye kompyuta yangu, kwa ukurasa wa kuigiza niliouchora ufanane na ule wa ofisini. Mama akabofya ANZA. Mausi ikaondoka mkononi mwake ikatembea yenyewe, akashika kifua kwa kicheko. Halafu kila kitu kikasimama. Ilinichukua muda kuelewa. Dirisha langu lilikuwa limekaa juu ya ukurasa, kitufe cha SIMAMA kimefunika mahali hasa palipokuwa na Yu hai. Programu ilikuwa imejibofya yenyewe.

"Imejisimamisha," nikasema.

"Kama marehemu baba yako," Mama akasema. "Kila akianza kazi, anajisimamisha."

Nikalisogeza dirisha hadi kona ya chini. Nikamweleza kwamba programu yangu haisomi maneno. Haijui Yu hai ni nini. Inachojua ni kwamba kutoka juu umbali huu, na kutoka kushoto umbali ule, pana mahali pa kubofya. Basi.

"Kwa hiyo nayo haioni."

"Haioni."

"Inakwenda kwa mazoea." Akapapasa ukingo wa meza kama afanyavyo akifikiri. "Sawa. Tutaelewana."

Na wakaelewana. Niliwahi kwenda kumpelekea chakula mchana, nikamkuta amekaa wima kitini kama bibi harusi, mikono mapajani, mausi inahangaika peke yake kwenye skrini, ti, ti, ti, naye kwa kila mlio anatikisa kichwa kidogo, kama anayemsalimia mtu. Karani wa dirisha la tatu, mwanamke mnene wa maneno mengi, akasema, "Siku hizi mama yako anamaliza kabla yetu. Umemlisha nini?" Mama akajibu, "Uzee, dada. Ukiiva na wewe utapewa."

Nilirudi nyumbani nikiimba. Niliamini kabisa kwamba tumemvusha.

Sasa Waya. Nataka nimweleze vizuri Waya, kwa sababu watu walimsema sana baadaye. Waya alikuwa anampenda Mama. Alikuwa hana mama wake, na Mama alikuwa akimletea kiporo ndani ya kopo la siagi. Jumatatu moja mchana, wiki ya mwisho ya uhakiki, alimkuta Mama ameweka pua skrini akitafuta kitufe cha ANZA. Akasema, "Mama, subiri nikusaidie." Akaingia kwenye mipangilio, akakuza kila kitu kwenye skrini ile. Herufi zikawa nene. Madirisha yakavimba. Vitufe vyangu vya sahani vikawa sinia.

Mama alinisimulia jioni ile kwa furaha hadi akaukosea mlango. "Nimeuona! Kile kitufe cha njano nimekiona kabisa!" Nami nilikuwa namwosha Mheshimiwa, nimeshika sabuni, nikasema, "Hongera, Mama." Nilisikia neno "amekuza". Lilipita masikioni kama maji ya beseni.

Kurasa zikikuzwa, kila kilichomo husukumwa chini na pembeni. Yu hai ikashuka kutoka mahali pake. Mahali pake pakakaliwa na kilichokuwa juu kabisa.

Siku tatu mfululizo Mama alikaa wima, mikono mapajani, akawasalimia. Ti. Ti. Ti.

Simu ilikuja Alhamisi, saa za chakula. Haikuwa ya Mama, ilikuwa ya Waya. "Dada, njoo. Usiulize, njoo." Nikamfunga Mheshimiwa mgongoni nikatoka na ndala.

Kibarazani kulikuwa na wazee wamesimama, wengine wameketi kwenye ngazi, wote wanazungumza kwa wakati mmoja. Mbele yao, dirisha la mwisho, mzee mmoja wa kofia ya sufu alikuwa ameinamia tundu. Mama aliwahi kunieleza habari zake: alikuwa dereva wa magari ya maji, na kila akija alimtania kwamba atamwoa.

"Binti yangu," alikuwa akisema, kwa upole tu, "benki wameniambia nimekufa. Nikawaambia haiwezekani, mimi nilionana na yule mama wa dirishani, akaniuliza goti. Wakasema ndiye aliyeandika."

Mama alikuwa amegeuza uso kwenye sauti.

Nikapita nyuma. Waya alikuwa ameshafungua ukurasa. Sikuhitaji kuelezwa, niliona mara moja: kile kiduara kidogo cha kuchagulia kimejaa weusi, na pembeni yake neno la kwanza la alfabeti.

"Wangapi?" nikauliza.

"Wote waliompitia wiki hii," Waya akasema. Midomo yake ilikuwa mikavu. "Ni mimi, dada. Mimi ndiye niliyekuza."

Mkuu wa ofisi akatoka chumbani kwake. Alikuwa kijana kuliko mimi ninavyowafikiria wakuu, mwenye tai aliyokuwa akiipapasa kila akizungumza. "Shikamoo, Mama. Kuna nini hapa? Nina marehemu kibaraza kizima wanapiga kelele."

Waya akawahi kujibu. "Mfumo, Mkuu. Mfumo umevurugika." Na mfumo ule ulikuwa ukivurugika kila siku, mtu yeyote angeamini.

"Basi warudishwe leo," Mkuu akasema. "Kesho malipo yanafungwa." Akaenda kutafuta nenosiri lake.

Hapo Waya akaeleza njia ya kurudi. Haikuwa ya kubofya tu. Mfumo haupendi mtu afufuke. Kwa kila mmoja, karani aliyemwandika ndiye anayetakiwa kufungua ukurasa wake, kwa akaunti yake mwenyewe, asome maelezo ya mtu huyo, ayathibitishe, aandike sababu. Kisha mkuu aliyekaa pembeni aweke nenosiri lake. "Aliyeua ndiye anayefufua," Waya akasema, akajaribu kucheka.

"Programu yako haiwezi?" Mama akaniuliza.

"Haiwezi, Mama. Haisomi."

"Na mimi sisomi."

Waya akainama karibu naye, akanong'ona haraka haraka. "Mama, sikiliza. Sema kichwa kinakuuma, nenda nyumbani. Wiki ijayo Mkuu anasafiri, anayemkaimu ni mtu wetu. Mimi nitakaa hapo, tutafanya polepole, hakuna atakayejua kitu. Umebakiza kidogo tu, Mama. Usijimalize mlangoni."

"Na malipo ya kesho?"

"Watakosa ya mwezi huu. Mwezi ujao watapata."

Mama akapapasa ukingo wa meza. Nje ya kioo mzee wa kofia alikuwa bado ameinama, anangoja kwa adabu.

"Yule anaishi na nani, unajua?" Mama akasema.

Waya akamtazama mzee kupitia kioo.

"Anaishi na redio."

Nilitaka kumwambia, Mama, nenda nyumbani. Neno lilikuwa mdomoni. Mheshimiwa akanivuta nywele, na kabla sijajitoa mkononi mwake Mkuu alikuwa amerudi na kiti chake, anakiburuta.

"Mkuu," Mama akasema, "kabla hujakaa. Huyu ni mwanangu, ataniwekea macho. Mimi sioni."

"Nani anayeona skrini hizi, Mama? Vumbi tupu."

"Hapana. Sioni. Sio ya leo. Hata wewe hapo ni sauti tu na tai."

"Tai unaiona?"

"Naisikia ukiipapasa."

Mkono wa Mkuu ukashuka taratibu. Alimtazama Waya, akanitazama mimi, akalitazama dirisha langu dogo la njano na nyeusi kwenye kona ya skrini, akaelewa yote kwa mpigo. Hakufoka. Ingekuwa rahisi kwangu kama angefoka. Alikaa tu, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, ungekaa kimya." Kisha, "Haya. Msomee."

Nikasoma. Jina, mwaka wa kuzaliwa, kazi ya zamani, jina la mwenzi. Mama akawa anathibitisha kabla sijamaliza: huyu ni mpiga chapa, mke wake alitangulia, huyu ana mkono mmoja, huyu asipoulizwa habari za mbuzi anakasirika. Sababu ya kubatilisha, nikaandika alivyonitamkia, ukurasa baada ya ukurasa: yu hai, nimemsikia mwenyewe. Mkuu aliliona hilo neno, nimemsikia, akaweka nenosiri bila kulirekebisha. Karani wa dirisha la tatu alileta maji, akayaweka karibu na mkono wa Mama.

Tulikuwa tunakwenda vizuri. Niliwaza, kwa ule ujinga wangu wa kutumaini, kwamba labda Mkuu akiona haya yote atasahau.

Halafu tukaanza kukuta kurasa za kijivu. Hizo zilikuwa za wale wa mwanzo wa wiki, majina yao yalikuwa yameshapelekwa benki. Zilifunguka, zikaonekana, lakini hakuna kitufe kilichobonyezeka. Waya alijaribu huku na huku. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kibodi. Mkuu akapiga simu mahali, akasikiliza, akakata. Hao, akasema, itabidi waanze upya kwa kiapo mbele ya hakimu, na uchunguzi, na barua. Mambo hayo huchukua muda.

"Kofia?" Mama akauliza.

Nikaangalia. Alikuwa amekuja Jumatatu, mapema, ili awe wa kwanza kumtania. Ukurasa wake ulikuwa wa kijivu.

Mama alisimama, akashika meza, akashika kioo, akalifikia tundu lake. "Mzee wangu," akasema, "hujafa. Ila itabidi uwathibitishie."

"Nikawathibitishie nini tena, binti yangu?" mzee akasema. "Si nimesimama hapa?"

Barua ya Mama ilikuja baada ya muda mfupi. Mkuu aliileta mwenyewe hadi nyumbani, akakaa ukingoni mwa kiti, akasema ameandika mazuri mengi juu yake. Mazuri yalikuwemo kweli, nilimsomea. Mwishoni kulikuwa na yale maneno ambayo Mama alizoea kuwaeleza wengine, na wakati namsomea alikuwa akiyatamka pamoja nami, neno kwa neno. Kadi hakupewa.

Mkuu akakohoa. Akasema ile programu, kama sitajali, wangependa ibaki. Wamelipenda dirisha. Hata mgeni asiyejua kitu anaweza kuliendesha.

Nilitaka kukataa. Mama akaniwahi: "Itengeneze vizuri uwape. Wale wazee hawana kosa."

Nikaitengeneza. Sasa haiendi kwa mazoea. Inatafuta neno lenyewe, popote lilipo, kubwa au dogo, ndipo ibofye. Ilikuwa kazi ya alasiri moja. Inaona kila kitu sasa. Waya aliiweka kwenye kompyuta ya dirisha la kwanza, na kwa kuwa inamaliza kazi za wote wanne, dirisha la mwisho limebandikwa karatasi: DIRISHA LIMEFUNGWA. Waya mwenyewe aliacha kazi, au aliachishwa, wanasema mawili tofauti. Kopo la siagi alilirudisha limeoshwa.

Habari za mzee wa kofia niliziulizia mara mbili. Mara ya kwanza walisema faili lake linashughulikiwa. Mara ya pili walisema hajafika siku nyingi.

Mama siku hizi anakaa na Mheshimiwa nikienda darasani. Wanaelewana, mmoja haoni, mwingine hasemi. Jana, kabla sijatoka, nilikuwa nimefungua kompyuta kumalizia zoezi la Mwalimu, Mheshimiwa akapigapiga vitufe, na kutoka mahali fulani ikalia ile sauti yangu ya zamani. Ti.

Mama alikuwa kwenye kochi. Nikaona kichwa chake kinatikisika kidogo, kumsalimia mtu.

"Fungua dirisha," akasema.

Nilidhani anataka kusikia tena. Nikaivuta kompyuta karibu, nikalitafuta, nikalifungua, likajaa skrini nzima, njano na nyeusi. Nikauchukua mkono wake kuuweka juu ya mausi.

Akautoa polepole.

"Sio hilo, mwanangu," akasema. "La ukutani. Nasikia joto."